Shingo Inayonata

Mpiga solo akilalamika kwamba gitaa limekuwa zito, wengi hukimbilia nyuzi. Hununuliwa seti mpya, daraja hushushwa kidogo, na bado mkono wake wa kushoto unakwama kila anapotoka freti ya tatu kwenda ya kumi na mbili. Mwambie afumbe macho, apitishe kiganja mgongoni mwa shingo, taratibu, kutoka kichwani hadi kwenye kiwiliwili. Mara nyingi kidole gumba kitajisimamisha chenyewe kati ya freti ya kwanza na ya tano, pale ambapo mkono hukaa muda mrefu zaidi wimbo unapopigwa. Hapo ndipo vanishi imeanza kufa, na hakuna seti ya nyuzi duniani itakayoifufua.

Katika maeneo ya Haydom tatizo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu gitaa la umeme huku aghalabu si mali ya mtu mmoja. Mji huu umekua kuzunguka hospitali ambayo Walutheri wa Norwe waliifungua mwaka 1955, na maisha ya kanisa yameshika mizizi pande zote za uwanda huu wa Mbulu, hadi Dongobesh, hadi Basotu na Katesh chini ya Mlima Hanang. Penye kanisa pana kwaya, na kwaya inayojiheshimu inataka solo, rizimu na besi. Gitaa hununuliwa kwa michango. Jumatano linapigwa na kijana anayejifunza, Jumamosi linakwenda harusini, Jumapili linashikwa na mpigaji mkuu, na likizo ya Desemba wanarudi waliosoma Arusha na Dodoma, nao wanataka zamu yao. Bendi za dansi zilijua hali hiyo zamani: vyombo vya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na mpigaji aliyehama bendi aliliacha gitaa nyuma. Gitaa lenye wapigaji watano hukusanya jasho la watu watano, na shingo yake huzeeka kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Ni vizuri kujua kwanza kile kinachokufa. Shingo nyingi za magitaa ya umeme zimetengenezwa kwa mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Ni mbao nyeupe, ngumu, nzuri kwa kazi hii, lakini ikiachwa tupu hunywa jasho na uchafu, ikageuka kijivu na baadaye karibu nyeusi. Kwa hiyo hupakwa tabaka la kuilinda. Upande wa mbele, penye freti, magitaa mengi yamebandikwa ubao wa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Ubao huo una mafuta yake ya asili na hauhitaji vanishi. Kampuni ya Fender ilianza na shingo za mepo pekee, mbele na nyuma. Mwaka 1958 ilitoa gitaa la Jazzmaster lenye ubao wa rozwudi, na mwaka uliofuata magitaa yake mengine yakafuata. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba shingo za mepo zilionekana chakavu jukwaani: vanishi ilikwisha chini ya vidole, na madoa meusi yakaonekana hata kwa aliyekaa kiti cha nyuma. Nalitaja hili ili mpigaji wa kwaya asidhani amepewa gitaa bovu. Tatizo la vanishi ya shingo lina umri sawa na gitaa la umeme lenyewe.

Vanishi ya kwanza ya magitaa hayo ilikuwa nitroselulosi, na asili yake ni magari. Kabla yake, rangi ya gari ilichukua majuma kukauka. Mwaka 1924 magari ya Oakland ya General Motors yalitoka kiwandani na rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyokauka kwa saa badala ya majuma. Watengenezaji wa magitaa waliichukua teknolojia ileile, na Fender walichukua hata majina ya rangi za magari. Nitroselulosi ni nyembamba na laini mkononi, lakini haikomai kabisa. Miaka hamsini baadaye bado inaweza kulainishwa na kimiminika kinachofaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilianza kuhamia polyesta, kisha polyurethani, ambazo zikishakauka haziyeyuki tena kwa urahisi. Magitaa ya bei nafuu yanayofika kwetu kutoka China na Indonesia, ambayo ndiyo mengi ya magitaa ya kwaya, yamepakwa hizi za pili. Yaani gitaa la zamani lililoletwa kama zawadi kutoka ng'ambo na gitaa jipya la dukani yanaweza kunata kwa namna moja huku yakiwa na ugonjwa tofauti.

Ugonjwa huo huletwa na nini? Mara chache ni umri peke yake. Haydom iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai upepo wake ni mkavu na wa baridi, ngozi za mikono hupasuka, na watu hujipaka mafuta mazito asubuhi na jioni. Mafuta hayo yakigusana na nitroselulosi mwezi baada ya mwezi huilainisha. Kwenye polyurethani hayali kitu, bali hujenga utando pamoja na vumbi jekundu la barabarani, na vumbi hilo lina punje ngumu zinazokwaruza kama msasa. Kisha kwaya inaalikwa kwenye mkutano wa injili Mang'ola, kule chini kando ya Ziwa Eyasi, ambako kuna joto na mbu, na kila mtu anajipaka dawa ya mbu. Dawa nyingi za namna hiyo zina DEET, kemikali iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1946. Inafukuza mbu vizuri sana, nayo pia inayeyusha plastiki za aina nyingi na vanishi. Mpigaji aliyejipaka dawa hiyo viganjani kisha akashika shingo ya gitaa anaweza kuacha alama za vidole zisizofutika. Awaombe wenzake wampake miguuni na shingoni, na viganja avioshe kwa sabuni kabla ya kugusa chombo.

Kuna adui mwingine ambaye watu hawamdhanii: mpira. Gitaa likifungwa kwenye pikipiki au juu ya Noah kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, au likiegemezwa kwenye stendi yenye mpira rahisi, kemikali zinazoufanya mpira uwe laini huhamia kwenye nitroselulosi na kuacha kovu linalonata. Funga kitambaa cha pamba kati ya mpira na shingo. Khanga kuukuu inatosha kabisa.

Sasa kabla ya kushika msasa, jiulize kama ni vanishi iliyokufa au ni uchafu tu. Katika shingo nyingi zinazoitwa mbovu, uchafu ndio tatizo lote. Legeza nyuzi, chukua kitambaa laini chenye maji kidogo na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, sugua mgongo wa shingo, kausha mara moja. Utando ukibaki, rudia kwa kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya laita, mahali penye hewa na mbali na jiko. Mafuta hayo ni nafta, hupaa haraka na hayadhuru vanishi hizi. Petroli ya pikipiki usiitumie; ina viungo vingine ndani yake na hatari ya moto ni kubwa zaidi. Tina na asetoni ya kufutia rangi za kucha ziweke mbali kabisa. Kama baada ya kusafisha shingo inateleza, kazi imekwisha, na gitaa lilihitaji kuoga tu.

Ikiendelea kunata, jua ni vanishi gani. Shingo nyingi za umeme zimefungwa kwa skrubu nne nyuma ya kiwiliwili. Toa nyuzi, fungua skrubu, na utaona kisigino cha shingo, sehemu inayofichwa na kiwiliwili. Hapo, na hapo tu, gusa kwa kijiti cha pamba cha masikioni kilicholowanishwa kidogo na tina. Hesabu hadi kumi. Vanishi ikilainika na pamba ikatoka na rangi, una nitroselulosi. Ikibaki ngumu kama kigae, ni polyurethani au polyesta. Jaribio hili dogo linaamua kila kitu kinachofuata.

Polyurethani inayonata baada ya kusafishwa kwa kawaida haijaoza. Tatizo lake ni kung'aa kupita kiasi. Kiganja chenye jasho hushika kioo, lakini huteleza juu ya kitu kisichong'aa. Dawa yake ni dodoki la kijani la kusugulia sufuria, likiwa jipya na kavu. Sugua mgongo wa shingo kwa mwendo mrefu kutoka kichwani hadi kisiginoni, kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa mzunguko, hadi mng'ao upotee wote kwa usawa. Hutatoa vanishi, utaifanya ififie tu. Wengine hutumia pamba ya chuma iliyo laini kabisa, nayo inafaa, ila vipande vyake vidogo huruka na kunaswa na sumaku za vinasa sauti, na kuvitoa humo ni mateso. Funika vinasa sauti kwa selotepu, au fanya kazi shingo ikiwa imeshafunguliwa. Na kama polyurethani imebanduka kipande, usiendelee kuibandua kwa ukucha. Dondosha supa glu kidogo kwenye ukingo wa jeraha, iache ikauke kabisa, kisha isawazishe kwa msasa namba 800. Ukingo uliofungwa hausambai.

Nitroselulosi iliyolainika ni habari nyingine. Hiyo hairudi. Kuipaka vanishi mpya juu yake ni kufunika kidonda chenye usaha, kwani tabaka jipya nalo litanata baada ya miezi. Lazima iondolewe, lakini si yote. Hapa natofautiana kabisa na mafundi wanaovua gitaa zima na kulipaka upya ling'ae kama kabati. Vanishi ya kiwiliwili ipo kwa ajili ya macho. Ya shingo ipo kwa ajili ya mkono, na mkono hautembei kwenye kichwa cha gitaa wala kwenye kisigino. Ziba kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi kichwa chote, kisigino, na kingo za ubao wa freti. Vua sehemu iliyobaki peke yake. Na gitaa likiwa la miaka ya 1950 au 1960, usiguse kitu kabla ya kumwonyesha mtu anayeyafahamu magitaa ya kale, kwa sababu vanishi yake ya asili, hata ikichakaa, ni sehemu kubwa ya thamani yake. Gitaa la Rory Gallagher wa Ayalandi, Stratocaster la mwaka 1961 alilolinunua Cork mwaka 1963 kwa pauni 100, lilipoteza karibu rangi yake yote kwa jasho lake. Mwaka 2024 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 800,000 likiwa na uchakavu wake wote. Lakini kumbuka pia linalosimuliwa kuhusu shingo yake: ilikunywa jasho hadi ikabidi itolewe na kuachwa ikauke. Mbao tupu ni tamu mkononi na ni dhaifu mbele ya maji.

Nitroselulosi laini huziba msasa baada ya mipigo michache, kwa hiyo anza na wembe. Ushike wima kwa mikono miwili, ukwangue kwa kuuvuta kuelekea kwako bila kukandamiza, na utando utatoka kama unga. Kisha msasa namba 320 kwa uchache, 400 kwa uvumilivu, 600 kumalizia. Uzungushie msasa kwenye sponji ili ufuate mviringo. Vidole vitupu huchimba mabonde ambayo mkono wa mpigaji utayasikia kila siku. Umbo la shingo ndilo linalomfanya mpigaji alipende gitaa au alichukie, na msasa wa dakika tano za haraka unaweza kulibadilisha moja kwa moja. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, na utakuta vinyweleo vya mbao vimesimama. Vilaze kwa 600 tena.

Sasa mbao iko tupu na inahitaji kitu. Hapa kuna kishawishi ambacho ni cha kwetu hasa. Manyara na Singida ni nchi ya alizeti, mashine za kukamua ziko kila mji, na chupa ya mafuta safi haikosekani jikoni. Wapo wanaoipaka shingo mafuta hayo, na siku ya kwanza inapendeza kweli, mbao inapata rangi ya asali. Baada ya wiki tatu inanata kuliko mwanzo. Wakemia hupima uwezo wa mafuta kukauka kwa namba ya iodini: ya kitani iko takriban 170 hadi 200, ya alizeti 110 hadi 145, na ya nazi ni karibu 10 tu au chini yake. Mafuta yenye namba kubwa hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka tabaka gumu. Ya alizeti hufika nusu ya safari, yakabaki kama gundi. Ya nazi hayaanzi safari yenyewe. Kwa hiyo alizeti ibaki kwenye sufuria.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi mijini, ndiyo yanayofaa. Agiza chupa ndogo, itawatosha wapigaji wa wilaya nzima kwa miaka. Matone machache kwenye kitambaa, paka, subiri dakika kumi na tano, kisha futa yote, hadi uone kana kwamba hukupaka kitu. Acha siku nzima. Rudia mara tatu au nne, na kabla ya kurudisha nyuzi iache shingo wiki moja. Kampuni ya Music Man ya Marekani humalizia shingo za magitaa yake mengi kwa mafuta ya kupakia vitako vya bunduki na nta, na wapigaji huzisifu kwa ulaini wake. Ubaya wake ni kwamba mafuta yanalinda kidogo kuliko vanishi, kwa hiyo kila mwaka shingo inahitaji kusafishwa na kupakwa tena. Naichagua njia hii kwa gitaa la kwaya kwa sababu yeyote anaweza kuirudia, bila pampu ya kupulizia na bila fundi.

Ila kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa kwenye kona ya stoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi hadi kinashika moto chenyewe, bila kiberiti wala cheche, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Kitandaze nje juu ya jiwe hadi kikauke kikawa kigumu, au kilowanishe kwenye maji kabla ya kukitupa. Karakana na nyumba zimeungua duniani kwa vitambaa vya namna hii.

Anayetaka vanishi kamili asidharau seremala wa mjini. Ile klia ya NC anayopulizia vitanda na makochi ni nitroselulosi, ndugu wa moja kwa moja wa vanishi ya magitaa ya miaka ya hamsini. Kasoro yake ni mkono wa fundi, ambaye amezoea kujaza tabaka nene ili kochi ling'ae. Mweleze kwamba unataka tabaka mbili au tatu nyembamba mno, nusu klia nusu tina, na mng'ao uondolewe kwa dodoki baada ya wiki mbili. Mweleze pia asifanye kazi hiyo mchana wa mvua. Tina inapopaa hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na klia inageuka nyeupe kama maziwa. Kwa huku kwetu, kuanzia Juni hadi Oktoba ndio wakati wake, asubuhi kabla upepo haujaamsha vumbi, ndani ya chumba ambacho sakafu imenyunyiziwa maji. Klia ya magari yenye makopo mawili, inayochanganywa na kigandishi, usikubali ipuliziwe gereji bila kinyago cha kufaa: kigandishi chake kina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha. Shingo ya gitaa haistahili mapafu ya mtu.

Kwaya ikishatengeneza shingo yake, ichague mtu mmoja wa kuitunza. Wenye bendi za zamani walikuwa na mtunza vyombo, na kwaya zinahitaji cheo hicho kuliko zinavyohitaji spika kubwa zaidi. Kazi yake ni kuweka kipande cha sabuni na taulo pale gitaa linapohifadhiwa, kuhakikisha kila mpigaji ameosha mikono, na kuifuta shingo baada ya kila zoezi kabla gitaa halijarudi kwenye begi. Begi lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Vanishi iliyopona mwezi uliopita inaweza kulainika tena kwa adhuhuri moja.

Unaporudisha shingo, kaza skrubu nne kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mpangilio wa msalaba, ili ikae sawa. Weka nyuzi mpya, zipandishe hadi sauti yake, kisha ziache usiku kucha. Shingo iliyokaa wiki bila mvuto wa nyuzi huwa imenyooka kupita kiasi, na itachukua siku moja au mbili kurudi kwenye mpindo wake mdogo wa kawaida. Usiguse fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kabla ya siku hizo kupita. Zikipita, na nyuzi bado zinakwaruza, angalia freti moja moja chini ya mwanga wa dirishani. Zile zilizochimbwa vijishimo chini ya nyuzi nyembamba ndizo tutakazozishughulikia katika sura inayofuata.